Dawa ya Chunusi na Swali Nililolinyamazia

Ninaandika haya uso wangu ukiwa umetulia. Asubuhi nikinawa, viganja vinapita mashavuni bila kukwama popote, na bado nashtuka, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Ninawaandikia wanaochubuka sasa hivi, wanaojifunika khanga mpaka puani wakienda kisimani, na hasa wanawake. Kuna jambo nataka mlijue kabla hamjafungua tyubu. Nitalifikia. Ni zito, siwezi kuanza nalo.

Naitwa Devota. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kukosa ada wala kwa utukutu, ila miguu yangu haikupenda kukaa chini ya dawati. Nimeuza dukani kwa mfanyabiashara mmoja pale Kasulu, Mwislamu aliyetoka Tanga, aliyenifundisha kukunja kitenge na kuongea Kiswahili bila kukiburuza. Nimepika chapati Mtendeli kambi ya wakimbizi ilipokuwa na watu, nikaondoka watu walipoondoka. Nimesuka nywele Buhigwe. Kote huko nilikuwa nauliza, hiki nini, kile kwa nini. Karatasi iliyofungia maandazi naisoma pande zote mbili kabla sijaitupa. Hata Filimoni, mume wangu, alinipata kwa maswali. Yeye ni fundi wa kuchoma matofali Kibondo. Nilisimama mbele ya tanuru lake nikamwuliza kwa nini matofali ya katikati yanaiva mekundu na ya pembeni yanafifia, na alipomaliza kunijibu wenzake walikuwa wameshakwenda nyumbani.

Chunusi nilikuwa nazo tangu usichana, za kawaida tu. Zilizokuja baada ya kuolewa zilikuwa nyingine. Vilikuwa vivimbe vigumu chini ya ngozi, kwenye taya na mashavu, vinavyouma hata ukilalia mto. Kimoja kikipasuka, viwili vinajiandaa. Kabla ya hapo nilikuwa nimepaka krimu ya kopo lisilo na jina niliyoipata kwenye soko la kambi. Mwezi mmoja uso uling'aa, kopo lilipokwisha uso ukalipuka. Daktari aliniambia baadaye kwamba huenda ndilo lililochokoza.

Wakati huo nilikuwa nauza mitumba ya watoto kwenye magulio, Kibondo na Murungu. Mama anayemnunulia mtoto nguo huinusa kwanza, kisha huangalia mkono ulioishika.

"Dada, hilo sweta umelishika wewe?"

"Ndiyo, si liko mkononi mwangu."

"Basi nipe la chini, ambalo hujalishika."

Marafiki wa Filimoni nao hawakukosa la kusema. "Shemeji," mmoja alinitania, "uso wako ni barabara ya Kibondo kabla ya lami." Nilicheka pamoja nao. Ukicheka, watu wanapunguza maswali. Lakini kioo chetu nilikigeuza kikatazama ukuta, na Filimoni akawa ananyoa ndevu kwa kupapasa. Hakukigeuza.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye ua mmoja, alinitibu kwa mawese. Alinipaka kila jioni kwa mkono wake mwenyewe, nikang'aa kama kikaango. "Mawese hayajawahi kumdhuru mtu," alisema. Wasiwasi wake haukuwa uso. Nilikuwa nimemaliza mavuno mawili kwake bila mtoto, na yeye aliamini njia ni moja. "Damu ikichafuka juu, na chini imechafuka."

Hapa niwaeleze salamu zetu, kwa sababu nitazirudia. Sisi Waha hatusalimiani kwa kupita. Asubuhi mama mkwe alinishika mikono yote miwili, akasema "Mwakeye," kisha akaanza kuuliza. Mwili umeamkaje, mume ameamkaje, mbuzi wamelalaje, mihogo imekauka au imenyeshewa. Mwishoni kabisa huuliza, "Na watoto?" Hata bibi harusi asiye na kitu huulizwa hivyo. Ni kuwawekea watoto nafasi. Mimi nilijibu, "Wako njiani, mama," naye akaniminya vidole ndipo akaniachia.

Mwisho wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limejaa hata kwenye kope, Filimoni aliniambia niende Kasulu kwa daktari wa ngozi. Dada yake, wifi yangu Leokadia, akajitolea kunisindikiza. "Niende nikamlinde," alisema, "wasije wakamkata pua wakamrudisha na nyingine."

Tulikaa kwenye benchi refu barazani. Palikuwa na watoto wenye mapunye na mzee ambaye vidole vyake havikusikia moto. Kando yangu alikaa Bi Salome, mama mwenye ualbino, na kofia pana kama ungo. Aliniuliza nimekuja kwa lipi, nikamwambia.

"Wakikupa ile dawa ya kupaka jioni, jua litakuwa adui yako. Karibu ukoo wetu."

Leokadia alicheka mpaka akafunika mdomo. Mimi pia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka bila kujikinga. Tulipoachana Bi Salome alinielekeza kwa mshonaji wake wa kofia, na kofia hiyo ninayo mpaka leo.

Daktari alikuwa kijana mtaratibu aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya. Alinionyesha kwa ncha ya kidole: dawa kiasi cha punje moja ya njegere, uso mzima, jioni, baada ya kunawa na kukauka kabisa. Isikaribie macho wala midomo. Mchana kofia.

"Itakuwa mbaya kabla haijawa nzuri," alisema. "Ukiacha katikati utakuwa umeumia bure."

"Mpaka lini?"

"Hesabu kwa miezi, si kwa wiki. Na kuna mambo ya uzazi kwenye dawa hii, nesi atakuuliza kila unapokuja." Hapo mlango uligongwa, akaitwa wodini. Mimi muuliza maswali nilikuwa na mengine, lakini sentensi ile niliibeba kama ilivyo. Nesi atakuuliza.

Alisema kweli kuhusu ubaya. Ngozi ilianza kukaza, kisha kuwasha, kisha kutoka magamba kama ya kitunguu. Jasho likishuka linachoma, moshi unachoma, hata maji. Vivimbe vipya vilitokea mahali ambapo havijawahi kuwa. Na kwetu mtu anayetoka magamba usoni ana jina tayari. Walisema Devota anajichubua, anatafuta weupe.

"Mzungu wa wapi unataka kuwa?" mama mkwe aliniuliza.

"Ni dawa ya hospitali, mama."

"Hospitali inatibu wanaoumwa. Wewe unajibandua."

Filimoni alipoona moto wa kuni unaniliza, alichukua mwiko yeye. Rafiki zake walimkuta amechutama jikoni. "Fundi, siku hizi unachoma ugali?" Akawajibu kwamba ugali hauhitaji udongo mzuri. Hicho ndicho kitu ninachokikumbuka nikiulizwa niliwezaje. Niliweza kwa sababu mtu mwingine alishika mwiko.

Mvua za kwanza zilipoanguka, magamba yalipungua. Na siku zangu hazikuja.

Kwetu mimba changa haitiwi mdomoni. Ikitajwa kabla haijaonekana, inatajwa kwa wote, wazuri na wabaya. Humwambii mama, humwambii hata mume, anajijulia. Filimoni alijua siku nilipoisukuma sahani ya dagaa, na kesho yake akaamka kuchota maji bila kuagizwa. Na mtu akikuuliza ana kwa ana, kama huna utacheka useme "bado" kwa sauti. Kama unayo, unashusha macho na kunyamaza. Hilo ndilo jibu. Hakuna mwanamke wa kwetu, hata msichana mdogo, asiyelisikia jibu hilo.

Nilirudi Kasulu kuchukua tyubu ya pili nikiwa na Leokadia. Nesi alikuwa Nesi Mwanahawa, mama wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi. Alipita mbele ya benchi.

"Kabla hamjaingia, nina swali kwa wanaotumia dawa ya kupaka. Kuna mjamzito hapa? Wewe, dada?"

"Bado, nesi, hata mchumba sina," msichana mmoja alisema, na benchi likacheka.

"Na wewe?"

Nilishusha macho. Nikavuta khanga ikafunika magoti, nikanyamaza.

Bibi aliyekaa kando yangu alisogea kunipa nafasi, akaondoa kapu lake lisinibane miguu. Leokadia aligeuza uso kutazama barabara, nikaona shavu lake likitabasamu. Benchi zima lilinisikia. Nesi Mwanahawa alingoja kidogo, akasema, "Haya," akaenda kwa mwingine.

Ndani, daktari aliangalia mashavu yangu, akafurahi, akasema niendelee. Nikapewa tyubu.

Mnaona ilivyokuwa. Nimeulizwa, nimejibu, nimepewa. Basi inaruhusiwa. Sikuwa na shaka hata moja, mimi ambaye nina shaka na kila kitu.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote niliyoyapata. Uso ulikuwa unalainika na tumbo lilikuwa siri yangu ya kila mtu. Kioo nilikigeuza. Katika belo la mitumba nilikuta sweta dogo la rangi ya mahindi mabichi, sikulipanga na mengine. Asubuhi moja mama mkwe alifika mwisho wa salamu, "Na watoto?", nami sikusema wako njiani. Nilishusha macho. Alinishika mikono muda mrefu sana. Jioni hakuniletea maneno ya kujibandua, aliniletea uji.

Ilitokea gulioni Murungu. Mvua ilikuwa inakuja, nilikuwa nakunja nguo haraka zisilowe, maumivu yakanikunja mimi. Wanawake wa gulioni hawakuuliza. Walivua khanga zao wakanizungushia ukuta, mmoja akanishika kichwa akawa anasema, "Ihangane, ihangane," neno letu la kumwomba mtu avumilie lisilovumilika. Nguo za watoto zililowa zote. Sikumbuki nani alizianua.

Hospitalini Kibondo mama mkwe alikuwa kando ya kitanda wakati muuguzi wa wodi aliponiuliza ninatumia dawa gani. Nilitoa tyubu kwenye pochi. Aliigeuza akasoma.

"Hii mjamzito hatumii. Nani alikupa?"

Mama mkwe aliangalia tyubu, akaangalia uso wangu, uliokuwa safi kuliko ulivyowahi kuwa tangu anijue.

Alisubiri mpaka nyumbani. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua sauti. "Umenunua uso kwa mjukuu wangu," alisema.

Leokadia alisimama katikati yetu. "Mama, nilikuwepo. Aliulizwa, akajibu."

"Alijibu nini?"

"Alinyamaza."

"Sasa kama alinyamaza wakampa, basi walimpa wakijua. Na yeye akapaka."

Asubuhi iliyofuata alinikuta uani akasema "Mwakeye," akapita. Hakushika mikono. Hakuuliza mwili, hakuuliza mbuzi. Mtu wa mbali hawezi kuelewa jambo hilo linavyokata. Heri angenitukana.

Filimoni naye alinyamaza. Nimesema kwetu kimya kinasema, lakini chake sikuweza kukisikia. Alikwenda matofalini, akarudi, akala, akalala ametazama ukuta. Nilijua akiyaamini maneno ya mama yake hatanifukuza. Atanyamaza tu mpaka niondoke mwenyewe. Na kuondoka ndiyo kazi pekee niliyoisomea mpaka mwisho. Matiti yalikuwa bado yamejaa kidogo, mwili haujaambiwa kwamba hakuna mtu. Nilifunga belo langu, nikafunga na kofia.

Filimoni aliniona. Alikaa juu ya belo.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Buhigwe."

"Maisha yako yote unauliza. Uliniuliza mpaka habari za matofali. Hili ndilo utaliacha bila kuuliza?"

"Nikiuliza wakasema ni mimi?"

"Tutakuwa tumesikia wawili," alisema.

Kwa hiyo alikuja Kasulu. Alikaa kwenye benchi la wanawake na kofia yake mapajani. Daktari alitusikiliza mpaka mwisho, na safari hii mlango ulipogongwa alisema wangoje.

"Siwezi kuwaambia ni dawa, na siwezi kuwaapia siyo," alisema. "Inayopenya kwenye ngozi ni kidogo sana. Tunawakataza wajawazito kwa tahadhari. Mimba nyingi hutoka miezi hiyo ya mwanzo, na mara nyingi hatujui kwa nini. Hata asiyepaka kitu humtokea."

"Kwa hiyo hatutajua," Filimoni alisema.

"Hamtajua. Nawapa pole. Na mimi ningepaswa kuuliza mwenyewe, hapa ndani."

Akamwita Nesi Mwanahawa. Alinikumbuka. "Lakini dada, nilikuuliza. Ulikaa kimya."

"Nilikujibu, nesi."

"Kwetu anayekaa kimya hana la kusema."

"Kwetu ndiye aliyesema."

Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akanishika goti, akalia kimyakimya, mtu mzima na sare yake. Sikuwa na hasira naye. Ningetaka kuwa nayo, ingenisaidia kuibeba siku ile. Siku hizi anawaita wanawake mmoja mmoja nyuma ya pazia, na anangoja mpaka mtu aseme neno kwa mdomo.

Hili ndilo nililotaka mlijue. Dawa hii ni nzuri, imenirudishia uso, sitaisema vibaya. Lakini ukiwa na mimba, au ukihisi tu, au mnapoitafuta, mwambie anayekupa. Mwambie kwa maneno. Omba faragha ukihitaji faragha, nong'ona ukihitaji kunong'ona. Mila yetu ya kunyamaza ilitungwa kwa watu wanaoijua. Hospitalini watu wanatoka kila mkoa.

Tuliporudi, Filimoni aliingia kwa mama yake peke yake. Sijui alisema nini. Alitoka akafungua belo langu, akarudisha kofia kwenye msumari.

Nilikaa miezi bila dawa. Vivimbe vilirudi, si vyote, na nilivipokea kama wageni wanaojua njia. Mitumba ya watoto niliiacha, nikauza asali. Mvua zilipokwisha tulirudi wawili kwa daktari, tukaeleza kila kitu, nikapewa njia ya kuzuia mimba kwanza, ndipo tyubu. Magamba yakaanza upya. Filimoni akarudi kwenye mwiko bila kuambiwa. Tumekubaliana mvua zijazo zikikaribia nitaiacha, nibadilishiwe nyingine inayofaa kwa mwanamke anayetafuta mtoto. Uso ukiharibika, uharibike.

Muda wote huo mama mkwe aliendelea na lile neno moja la asubuhi. "Mwakeye," na kupita. Nilimjibu kila siku kwa salamu nzima, nikiuliza mbuzi, nikiuliza mihogo, nikimwuliza mgongo wake.

Wiki iliyopita palikuwa na baridi ya kiangazi, ile inayokausha midomo. Alikuwa ameanika mihogo kwenye jamvi. Nilitoka na madumu yangu ya asali, akaniita nisogee. Alipangusa mikono yake kwenye khanga, akanishika yangu yote miwili.

"Mwakeye."

Akauliza mwili umeamkaje. Akauliza Filimoni. Akauliza mbuzi, mmoja mmoja, akauliza asali inatoka, akauliza hata kofia. Akafika pale mwisho. Mdomo ulifunguka, ukafunga. Akashusha macho, akanyamaza, na mikono yangu hakuiachia.

Nilimsikia.